Ya Sumaku na ya Umeme

Siku hizo, ukishuka kwenye garimoshi pale stesheni ya Shinyanga na kufuata barabara ya sokoni, ulilisikia duka la Ignas kabla hujaliona. Redio tatu nne zilikuwa zikisema kwa pamoja, moja imeshika Dar es Salaam, nyingine Nairobi, nyingine Bujumbura, na katikati yake Ignas ameinama na kipande cha waya mdomoni. Juu ya mlango hapakuwa na kibao. Watu walisema tu, "Peleka kwa Baba Zipora," na redio ikafika.

Zilikuja zimevaa. Watu wa vijijini walizishonea redio zao nguo za kitambaa cha maua, zenye vifungo na tundu la kutolea mkono wa kushikia. Kabla ya kufungua redio, Ignas aliivua nguo yake, akaikunja na kuiweka kwenye rafu, kama mtu anayemwogesha mtoto. Chuma cha kuchomelea alikipasha kwenye jiko la mkaa lililokaa mlangoni, maana umeme wa mji ulikuwa wa kuja na kuondoka. Mteja akimuuliza jambo, alijibu huku akiitazama redio. Si kwamba alikuwa na kiburi. Alikuwa mtu wa haya tangu utotoni, na darasa la nne aliloishia halikumwondolea haya hiyo.

Kazi hiyo aliipata Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, kabla haujafungwa mwaka 1966. Alianza kwa kusukuma vigari vya mawe chini ya ardhi, kisha fundi umeme mmoja akaona vidole vyake vimetulia, akamchukua. Geita ilimpa ufundi, lakini ilimpa na jeraha.

Mama yake, Nyamizi, alifariki Oktoba 1965 huko Samuye, Ignas akiwa bado na miezi mitano ya mkataba. Habari ilimfikia siku ya nane. Alipofika nyumbani, udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kupasuka kwa jua. Dada yake mkubwa, Mageni, hakumpa mkono.

"Mama alikuita," alimwambia. "Mwezi wa nane, kwenye ngoma, mbele ya mashine ya Mzungu. Alikuita urudi, uwanja mzima ukasikia. Wewe ukabaki kuchimba dhahabu ya watu."

Ni kweli mwaka ule bwana mmoja wa ustawi wa wafanyakazi kutoka mgodi wa almasi wa Mwadui alikuwa akizunguka vijijini na mashine ya kunasa sauti. Ni kweli alifika Samuye siku Wagalu na Wagika, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, waliposhindana. Na ni kweli mama alisogezewa kile chuma cha kusemea akasema neno, maana kila aliyekuwepo alilisimulia hilo. Neno lenyewe hakuna aliyeweza kulitaja. Ngoma zilikuwa zikilia.

Miaka kumi na sita ilipita. Mageni alizoea kuja mjini baada ya mavuno, akileta karanga na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa watoto wa mdogo wake. Aliwapenda watoto wale. Lakini wakati wa kuaga, ndoo yake tupu kichwani, ilikuwa lazima aseme: "Mama alikuita, Ignas." Kisha huyo anaondoka. Na Ignas alirudi kwenye redio akachomelea mahali ambapo hapakuvunjika.

Mwaka 1981, mwezi wa saba, gari dogo la vumbi lilisimama mbele ya duka. Alishuka Bwana Marcel, Mbelgiji, fundi wa mitambo ya umeme aliyekuwa akimaliza kazi yake Mwadui. Marcel alikuwa ameishi Kongo miaka mingi, na Kiswahili chake kiliwachekesha watu wa sokoni.

"Baba Ignas, minaenda kwetu," alisema. "Jumamosi. Lakini mashine yangu imekufa, na mimi bila muziki sifungi hata sanduku moja."

Akashusha kinasa sauti kikubwa cha magurudumu mawili ya tepu, kizito kama debe la mahindi. Akashusha pia maboksi mawili yenye spika za masikioni, hedifoni. Mwisho akatoa tepu moja ndani ya boksi lililoliwa na mende.

"Hii nimeikuta stoo, wakitupa takataka. Imeandikwa Samuye. Si ndiko kwenu?"

Ignas alisoma maandishi ya kalamu ya risasi yaliyofifia. Samuye, ngoma, Agosti 1965. Aliyasoma tena. Kwa mara ya kwanza Marcel alimwona fundi yule akimtazama mtu usoni.

"Kuna mama yangu humu," Ignas alisema.

Marcel alivua kofia. Akaeleza kwamba tepu ni nzee, dawa iliyoshika sauti inabanduka. Kila ikipita kwenye kichwa cha mashine inaacha vumbi la rangi ya kutu, na kila vumbi ni sauti iliyokwenda. "Mara mbili itavumilia," alisema. "Ya tatu sijui. Usiichezee kwa majaribio. Jaribu kwa tepu zangu, chagua hedifoni iliyo bora, ndipo usikilize. Na hiyo utakayochagua, baki nayo. Ndiyo malipo ya kazi yako."

Kisha akamweleza juu ya hedifoni zenyewe. Ya kwanza, nyeusi, ilikuwa ya sumaku kama spika yoyote. Imezibwa nyuma, inaingia kwenye redio yoyote, haihitaji kitu. Ya pili ilikuwa pana na ya kahawia, vikombe vyake vina matundu kama chujio mbele na nyuma. Hiyo haikuwa na sumaku kabisa. Ndani yake kulikuwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, umewambwa katikati ya sahani mbili, na umeme mkali ndio unaoutikisa. Ilitaka kisanduku chake, kisanduku kikataka umeme wa ukutani na mashine yenye nguvu.

"Bei?" aliuliza Ignas, akiitazama meza.

"Nyeusi, labda mbuzi wako wawili. Ya kahawia..." Marcel alihesabu kidogo. "Ng'ombe sita. Na usifungue hicho kisanduku, kitakuua."

Siku mbili Ignas alitengeneza mashine. Ya tatu, Alhamisi, alianza kuzilinganisha, na jambo hilo halikuweza kuwa siri. Watu walijaa mlangoni. Mageni naye alikuwa ameshafika na karanga zake. Alikuja na mjomba wao Masele, kaka wa marehemu, mpiga ngoma wa Wagalu tangu zamani. Masele alisikia maelezo ya Ignas hadi mwisho, kisha akatoa amri.

"Zishindane kama ngoma," alisema. "Hii isimame kulia, hii kushoto. Kila mtu asikilize zote, kisha aende upande wa aliyemvuta. Penye watu wengi ndipo penye ushindi."

Hivyo ndivyo Usukumani ngoma zinavyopimwa. Hakuna hakimu, uwanja ndio unaoamua, na mchezaji aliyebaki na watu watatu anajikusanyia njuga zake akaenda nyumbani. Ignas aliona haya, lakini mjomba ni mjomba.

Wakasikiliza mmoja mmoja, wameketi kwenye kigoda. Ya sumaku ilipiga besi nzito, na watu walishika vifua vyao wakacheka. "Hii imeshiba!" alisema muuza mkaa, akaenda kulia. Kinyozi akamfuata. Ya umeme haikuwa na kishindo. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha tu, muziki ukaingia wenyewe.

"Hii haina tumbo," alisema mmoja.

"Halafu inavuja," alisema mwingine. "Ameivaa yeye, naisikia mimi nje."

Zuwena, mama wa maandazi, ambaye babu yake alikuja na reli kutoka pwani, alikaa na ya umeme mpaka wimbo wa taarabu ukaisha.

"Bi Zuwena, vipi? Kulia au kushoto?" kinyozi alimuuliza.

"Niacheni," alisema. "Nimemsikia mpiga fidla akivuta pumzi. Miaka yote naupenda wimbo huu, sikujua kama kuna mtu mle ndani." Akaenda kushoto, peke yake.

"Dawa hiyo!" muuza mkaa alipiga kelele. "Hedifoni ya Mzungu imechanjiwa dawa ya kuvuta wajane!"

"Na wewe umevutwa na kishindo kama ndama aliyesikia debe," Zuwena alimjibu, na uwanja ukaangua kicheko.

Ulipohesabiwa uwanja, ya sumaku ilikuwa na kumi na mmoja, ya umeme watatu. Mageni hakwenda upande wowote. Alikaa juu ya gunia akimtazama mdogo wake. Kwake yeye neno la mama lilikuwa linajulikana, na hakuona mashine ingeongeza nini.

Ignas mwenyewe aliwaza kama fundi. Ya sumaku ingemfaa kila siku. Angeitumia kupima redio bila kuwachosha majirani, na ingeishi hata akikosa umeme mwezi mzima. Ya umeme, Marcel akiondoka na mashine yake, ingebaki kichwa bila mwili. Ng'ombe sita wa kutundika msumarini. Uwanja ulikuwa umesema, na akili yake ilikubaliana na uwanja. Ijumaa asubuhi aliivaa ya sumaku, akaiweka tepu ya Samuye, akabonyeza.

Vumbi la uwanja wa Samuye likamjia masikioni. Ngoma za mjomba zilikuwa kubwa kama nyumba. Njuga, vigelegele, mwimbaji akiwatukana Wagika, Wagika wakirudisha. Kisha mlio wa kitu kugongwa, na sauti ya mwanamke, karibu. Ilikuwa ya mama. Mwili wake uliijua kabla ya kichwa. Lakini ngoma zilikuwa zimeikalia juu. Sauti ilipanda, ikashuka, ikacheka mahali fulani, ikaisha. Hakuambulia hata neno. Alipozima, kichwa cha mashine kilikuwa na unga wa kahawia. Akaupangusa kwa pamba, akaitazama pamba ile muda mrefu.

Imebaki mara moja.

"Amesema nini?" aliuliza Mageni.

"Sikusikia."

"Hukutaka kusikia," alisema dada yake.

Tumaini likabaki kwa ile ya umeme. Alipoijaribu tena kwa tepu ya Marcel aligundua kitu ambacho Masele pia alikuwa amekinong'ona Alhamisi: kikombe cha kushoto kilikuwa hafifu kuliko cha kulia. Utando wake ulikuwa umelegea kwa umri. Akamweleza mjomba, kwa kuwa mjomba alikuwa ameuliza, kwamba mle ndani ni kama ngozi ya ngoma, imewambwa, na upande mmoja imeachia. Kisha akavuka barabara kwenda kwa jirani kuazima bisibisi ndogo.

Hakukaa dakika kumi. Aliporudi alikuta harufu ya nywele zinazoungua. Masele alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, ameinamisha kikombe cha kushoto juu ya makaa, akikizungusha polepole kwa ustadi, huku akikigonga kwa kidole na kutega sikio.

"Mjomba! Unafanya nini?"

"Naipasha," Masele alisema bila kugeuka. "Si umesema ngozi imelegea? Ngoma ikilegea unaipeleka motoni, inakaza. Miaka arobaini nafanya hivi. Ila hii... hii mbona inajikunja?"

Plastiki ilikuwa imejikunja kama jani la tumbaku. Ngozi ya mbuzi huvumilia makaa, utando ule haukuvumilia. Ignas aliichukua mikononi mwake. Kikombe cha kushoto kilikuwa kimekwisha. Cha kulia mjomba alikuwa hajakifikia.

Mtu hamkaripii kaka wa mama yake. Masele alimtazama usoni, akaelewa.

"Nimeiua," alisema.

"Nusu, mjomba. Nusu tu."

Jumamosi saa tatu Marcel alifika na gari limejaa masanduku. Ignas alimwonyesha hedifoni kabla hajaulizwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba imeungulia mikononi mwake, dukani kwake. Jina la mjomba hakulitaja. Masele, aliyekuwa ameketi nyuma, alikohoa.

"Ni mimi, Bwana. Niliipasha kama ngoma."

Marcel aliitazama hedifoni, akautazama mkaa, akamtazama mzee. Akacheka mpaka akaegemea mlango.

"Miaka kumi naikinga na vumbi," alisema. "Na unyevu. Na panya. Sikufikiria mpiga ngoma. Sasa, Baba Ignas, bahati yako nyeusi ni nzima. Chukua hiyo."

"Hapana," alisema Ignas. "Nitabaki na hii iliyoungua. Kitu kikiharibika mkononi mwangu ni changu. Ila nakuomba mashine kwa dakika tano, kabla hujaipakia."

Akaweka tepu. Akaunganisha kisanduku, taa yake nyekundu ikawaka. Umeme wa mji ulikuwapo, ukisitasita kidogo. Aliinua hedifoni kuelekea kichwani, kisha mkono ukakwama. Alikuwa anafikiria kwamba akisikia peke yake, na neno likiwa lile lile analoambiwa na dada yake kila mwaka, basi atakuwa amelipata kwa masikio yake. Na likiwa jingine, ni nani atamwamini? Mageni alikuwa pale juu ya gunia, ndoo yake miguuni, tayari kuondoka na basi la saa nne.

Ndipo akakumbuka lawama ya uwanja. Inavuja. Ina matundu mbele, ina matundu nyuma, na utando ukitikisika unatikisa pande zote mbili sawasawa.

"Dada," alisema. "Njoo."

"Nije wapi?"

"Weka sikio hapa."

Akakunja ule upinde wa hedifoni, kikombe cha kulia kikasimama peke yake kati yao. Yeye akaweka sikio upande wa ndani, Mageni upande wa nje. Vichwa vyao vilikaribiana kama hawajakaribiana tangu walipokuwa wakilala mkeka mmoja. Alisikia harufu ya mafuta ya karanga kwenye kitambaa cha dada yake. Akabonyeza.

Uwanja wa Samuye ulifunguka. Safari hii ngoma hazikuwa nyumba. Zilikuwa ngoma tu, pale mbali, upande wa ua wa mnyaa, na mtu angeweza kupita kati yake. Njuga moja ilikuwa na punje iliyopasuka. Mtoto alikohoa. Kisha kugongwa kwa kile chuma, na mama akavuta pumzi. Akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye ng'ambo ya mto:

"Ignas! Blanketi limefika. Ni zuri, lakini ni fupi, mwanangu. Nikifunika kichwa, miguu inabaki nje!" Watu wa karibu wakacheka, na yeye akacheka nao, kile kicheko cha kuishia puani. "Usije mbio kwa ajili yangu. Mimi sijambo. Maliza mkataba wako, halafu uniletee refu."

Ngoma zikarudi. Mkanda ukapita, ukaisha, ukazunguka ukijipiga bure. Hakuna aliyeuzima.

Marcel alikuwa amegeuka kutazama barabara. Masele aliuliza kwa mkono, nini?

Mageni ndiye aliyenyanyuka kwanza. Alikaa tena kwenye gunia.

"Mimi nilikuwa upande wa Wagika," alisema baadaye. "Mbali. Nilisikia akiita jina lako, basi. Jina lako tu. Hayo mengine..." Akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Alipozidiwa, na wewe hupo, nikayajaza mwenyewe. Nikayasema mara ya kwanza, halafu sikuweza tena kuacha kuyasema."

Ignas aliitazama taa nyekundu ya kisanduku. Alitaka kusema mengi. Alichoweza kusema ni hiki:

"Nililinunua la bei ndogo. Pale Geita, kwa Mwarabu. Niliona ni fupi."

"Lilikuwa fupi kweli," alisema Mageni. "Ndilo tulilomzika nalo. Tuliongezea shuka miguuni."

Walitazamana, na ghafla Mageni akacheka, kicheko kile kile cha kuishia puani, na Ignas akacheka pia huku machozi yakimshuka mbele ya watu, jambo ambalo Zuwena, aliyekuwa mlangoni na maandazi yake, alisema hajawahi kuliona na hakulitangaza sokoni.

Basi la saa nne liliondoka bila Mageni. Marcel alipakia mashine yake na ile hedifoni nyeusi, akaacha ya kahawia, kisanduku chake na tepu. Alimpa kila mtu mkono. Kwa Masele alipiga kiganja mara mbili kama ngoma.

Hedifoni ya umeme ilikaa msumarini juu ya rafu ya nguo za redio miaka yote iliyofuata, na wateja walipouliza inafanya kazi gani, Ignas alijibu kweli tupu kwamba haifanyi yoyote. Kwa faida ya kila siku, uwanja haukukosea. Kisanduku hakikupata tena mashine ya kukitosha, na tepu hakuithubutu mara ya tatu. Kila mavuno Mageni aliendelea kuja na karanga na michembe. Wakati wa kuaga alisimama mlangoni, ndoo kichwani, na Ignas, kwa mazoea, alijikunja kidogo mabega.

"Haya, Baba Zipora," alisema dada yake. "Watoto wamerefuka hao. Angalia mablanketi yao."